Nafasi ya Dole Gumba

Watu wengi wakienda kuangalia nyumba ya kununua huinua shingo waone bati. Digna aliinama. Alijua kwamba Ifakara maji hayatoki juu peke yake. Huja pia kwa miguu yake kutoka mtoni, polepole, yakipiga hodi nyumba kwa nyumba. Basi akachuchumaa upande wa nyuma, ambako muuzaji hakuwa amepaka chokaa, akaukwangua ukuta kwa ukucha usawa wa goti, akaonja ule unga kwa ncha ya ulimi.

"Mama, unanunua nyumba au unaonja mchuzi?" akauliza Faustin, yule muuzaji.

"Vyote viwili vinaharibiwa na chumvi, mwanangu."

Faustin akacheka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, shati limepigwa pasi, viatu vimetiwa rangi mpaka kwenye nyayo. Nyumba ilikuwa ya kwao, alimozaliwa, pembeni kabisa mwa mji, mahali ambapo ardhi imeinuka kidogo kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, choo cha shimo nyuma, miti miwili ya machungwa.

Unga ule haukuwa na chumvi. Tofali likishakunywa maji ya mafuriko hutoa chumvi nyeupe, na hata ukilipaka rangi mara saba, chumvi itarudi kukudai. Lakini Digna hakuridhika na ulimi peke yake. Alikwenda siku tatu mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu nyumba ya asubuhi siyo nyumba ya jioni. Jioni ndipo unapowajua majirani, nani anapiga mke, nani anapika pombe. Akagonga kenchi za paa kwa mpini wa jembe asikie kama mchwa wamezila. Akatupa kijiwe chooni, akahesabu mpaka kilipolia chini. Akauliza habari za mafuriko nyumba ya tatu kwa nyuma, siyo ya jirani wa karibu, maana jirani wa karibu huwa amekwisha kuambiwa la kusema.

Jibu lililomtuliza alipewa na mama mwenye nyumba mwenyewe, Bibi Otilia, mama yake Faustin. Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, miguu imevimba kama viazi vikuu, fimbo mapajani. Akanyoosha fimbo akaligonga jiwe la ngazi ya pili.

"Mwaka ule mkubwa maji yalifika hapa. Yakasimama kama mtu anayefikiri. Yakageuka."

Digna akalitazama jiwe lile, moyo wake ukakaa.

Miaka kumi na tisa alikuwa amepanga chumba kwa mzee mmoja anayeitwa Nickolaus. Hakuwa mwenye nyumba mbaya. Maji aligawa kwa haki, na kodi ikichelewa alivumilia. Ila Beatus, mume wa Digna, alipofariki, siku ya pili ya msiba Nickolaus alikuja akawaamkia wazee wote vizuri, kisha akasema wapangaji wengine wanalalamika. Moshi wa masufuria. Kwaya usiku kucha. Watoto wana mitihani. Akaomba uwanja uwe wazi kabla ya adhuhuri. Waombolezaji wakakunja mikeka yao, wakainua masufuria yakiwa na wali ambao haujaiva, wakahamia kwenye uwanja wa mashine ya kukobolea mpunga, wakamalizia kumlilia Beatus katikati ya pumba. Digna alitembea nyuma ya wote, kiti cha mume wake kichwani.

Tangu siku ile hakutafuta nyumba ya kuishi. Kuishi alikwisha kuzoea, mtu anaweza kuishi popote. Alitafuta uwanja wa kuliliwa. Akaweka akiba ya mpunga msimu baada ya msimu, akauza na kipande cha shamba alichoachiwa na Beatus, akabaki na kile cha Idete cha kumlisha.

Mwezi wa kumi na moja wakaenda ofisi ya mtaa, yeye na Faustin. Mwenyekiti, Mzee Fridolin, alikuwa na miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Akachukua karatasi, akachukua kalamu, hakuandika.

"Nyumba ya nani hii?"

"Ya kwetu," akasema Faustin.

"Ya kwetu si jibu. Marehemu baba yako alimwachia nani?"

"Mama."

"Basi anayeuza ni mama. Wewe ni mdomo wake tu. Na wenzako wa tumbo moja?"

"Tuko wawili. Dada yangu Violeth kaolewa Mlimba. Hana neno."

"Hana neno umelisikia kwa sikio au kwa moyo?"

Digna akacheka kidogo. Mzee Fridolin hakucheka. Aliandika karatasi yote kwa mkono wake, mipaka, vyumba, hata michungwa, akamwekesha Digna sahihi, akamwekesha Faustin sahihi kama shahidi. Chini akaacha mahali peupe, upana wa kisanduku cha kiberiti, akaandika juu yake jina la Otilia. Kisha akatoa kwenye droo kibati cha wino kilichofungwa katika mfuko wa plastiki.

"Mama hatembei, nimesikia. Mpelekeeni wino. Aweke dole gumba hapa, mrudi, ndipo nigonge muhuri. Na fedha, Mama Digna, itoke mkononi baada ya muhuri, siyo kabla."

Walimkuta Bibi Otilia anakula wali na kambale. Digna akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono. Huyu kambale ana mafuta, ukisema umeshiba nitajua unanidharau."

Wakala sahani moja. Bibi Otilia alimchambulia miba kama mtoto.

"Faustin kaniambia umeipenda nyumba," akasema. "Mimi nimekubali. Ataniweka kwake, anasema atajenga. Ninakuomba moja tu. Usinitoe kabla ya mavuno. Na mvua hizi zinazokuja, miguu hii nitaipeleka wapi?"

"Sitakutoa, mama. Nani anamtoa mzee masika?"

"Mungu akuone."

Kibati cha wino kilikuwa mapajani mwa Digna, chini ya khanga. Alikishika, akakiacha. Alikuwa na mjomba huko Mahenge, aliyeugua muda mrefu. Siku moja ndugu walimjia na karatasi ya shamba, wakamshika mkono wakamchovya dole kwenye wino huku macho yake yakiwatazama mmoja mmoja. Wiki haikwisha akafariki. Watu wakasema wino ndio uliomwita. Tangu hapo Digna hakuweza kuona kibati cha wino karibu na mgonjwa bila kuona sanda. Sasa mama huyu amemchambulia samaki, vidole bado vina mafuta. Amshike mkono ule, amwambie nini? Kwamba neno lako halinitoshi, mama, nataka na kidole chako?

Faustin akaona uso wake. "Hata tukimalizia ukirudi kutoka shamba, mama. Si yupo? Si ameshasema mbele yako?"

Watu wa bonde lile hununua mpunga ungali shambani. Mnunuzi husimama juu ya jaruba, mwenye shamba huonyesha kwa mkono kutoka hapa hadi pale, wanapeana neno, fedha inatoka, na mpunga unavunwa miezi miwili baadaye bila karatasi. Anayevunja neno hilo hapati mnunuzi tena maishani. Digna alikuwa ameuza na kununua hivyo tangu usichana, hakuwahi kudhulumiwa hata debe. Akanunua nyumba kama anavyonunua mpunga. Akatoa fedha, akamwekea Faustin mkononi mama yake akitazama, na Bibi Otilia akaitikia kwa kichwa.

Mzee Fridolin alipoletewa kibati akakigeuza. Mfuko ulikuwa umefungwa vilevile.

"Wino haujafunguliwa."

"Mama amekubali kwa mdomo, baba. Mbele yangu."

"Mdomo huzikwa na mwenyewe, mama yangu. Dole ndilo linalobaki." Akamrudishia karatasi bila muhuri. "Siku utakayokuwa tayari, utanikuta."

Mwezi wa kwanza Digna akarudisha chumba kwa Nickolaus. Kitanda, kabati, masufuria makubwa ya msiba aliyonunua moja moja, na kile kiti cha Beatus akavipeleka kwenye nyumba yake mpya. Bibi Otilia akampa chumba cha nyuma. Digna akakifunga kwa kufuli lake mwenyewe, akatia ufunguo shingoni, akaenda Idete.

Huko aliishi juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama kwa miguu minne katikati ya mpunga, ili mtu alale juu ya maji na nguruwe. Mpaka mavuno mtu hatoki, akitoka ndege watamlia mpunga. Jirani yake wa shamba alikuwa Mbuke, mwanamke wa Kisukuma, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Waliongea dungu kwa dungu wakati wanafukuza ndege, kwa makelele, kila mmoja anavuta kamba ya makopo yake.

"Nyumba umenunua?" Mbuke aliuliza.

"Nimenunua."

"Karatasi iko wapi?"

"Ninayo. Imebaki dole la mwenyewe."

Kamba ya Mbuke ikanyamaza. "Yaani umenunua ng'ombe, kamba ameshika mwingine."

"Nyie kila kitu ng'ombe."

"Na nyie kila kitu haya. Mtaona haya mpaka kaburini. Panda pikipiki kesho, nenda kachukue dole, ndege wako nitakufukuzia."

"Mbuke, mzee anaumwa. Nitaonekana ninamsubiri afe."

"Bora uonekane."

Digna alifikiri usiku ule, na kesho yake. Kesho kutwa mvua ikashika, haikuachia. Barabara ikaliwa katika sehemu mbili. Mwezi wa tatu ukapita wanatazama maji yakipanda kwenye miguu ya madungu, wakipima kwa mikono.

Katikati ya mwezi wa nne mume wa Mbuke akapanda juu ya kichuguu mahali simu inaposhika, akarudi na habari. Bibi Otilia wa kule mjini amefariki. Digna akakaa sakafuni kwenye dungu lake, akajifunika khanga, akalia kwa haki, kama anayemlilia mama. Mbuke akaja na mtumbwi kumpa pole, akaleta na maziwa ya mgando. Walipokwisha kunyamaza akauliza polepole, kwa sauti ambayo Digna hakujua kwamba anayo:

"Wamemzika wapi?"

"Makaburini. Atazikwa wapi?"

"Nimeuliza tu. Sisi kwetu, penye kaburi ndipo penye mji."

"Mjini hawaziki nyumbani, Mbuke."

Mbuke akatazama maji, yametanda hadi mlimani, hakuna njia wala tuta.

Mwezi wa sita barabara zilipokauka Digna akakodi guta la magurudumu matatu, akapakia magunia yake, akaingia mjini. Njia nzima aliona nyumba zilizoachiwa mstari wa matope ukutani, nyingine hadi dirishani. Yake alijua haina. Alipofika ikawa kweli. Maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe la ngazi ya pili, yakageuka.

Katikati ya michungwa miwili palikuwa na kaburi. Limejengewa saruji, msalaba wa chuma umepakwa rangi ya fedha, jina la Otilia limeandikwa kwa kijiti saruji ikiwa mbichi. Watoto watatu walikuwa wanacheza kando yake. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo kwenye kamba iliyotoka mchungwa huu hadi ule. Akamwona mgeni, akafuta mikono.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Wewe ndiye Violeth."

"Ndiye mimi."

Violeth akamletea kigoda na maji ya kunywa. Akaeleza bila kupandisha sauti. Alikuja kumuuguza mama mwezi wa tatu, na watoto, maana huko Mlimba mume kaoa mwingine. Mama alipofariki, maji yalikuwa yamefunga njia ya makaburini, jeneza lingeelea. Mtaa mzima ulikuwa chini ya maji, pakavu palikuwa hapa tu. Padri akaja kwa mtumbwi, akabariki, wakazika.

Pakavu palikuwa hapa tu. Digna akakumbuka ulimi wake ulivyoonja ukuta.

"Mwanangu, hii nyumba nimeinunua."

"Nimesikia ikisemwa hivyo. Kwa nani?"

"Kwa mama yako. Alikubali. Faustin ndiye aliyepokea."

"Faustin alivuka kwenda machimboni wiki ya pili baada ya arobaini. Simu yake haipatikani. Mimi mama hakuniambia kauza. Aliniambia, yupo mama mmoja ameweka vitu vyake chumba cha nyuma, mtu mwema, usiviguse. Sikuvigusa."

Digna akatoa karatasi kifuani, ndani ya plastiki mbili. Violeth akaisoma yote, kidole kikifuata maneno, mpaka chini kwenye mahali peupe palipoandikwa jina la mama yake. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Hapa hamna kitu, mama," akasema. Hakusema kwa kejeli.

Walifikishana kwa Mzee Fridolin, na kwa Mzee Fridolin wakapelekwa baraza la kata. Wazee wakasikiliza siku mbili. Mmoja akamwuliza Digna kama yuko tayari kuapa kwamba Bibi Otilia alikubali. Akaapa. Wakamwuliza Violeth kama mama yake alikuwa mtu wa kusema uongo. Akasema hakuwa. Wakanong'onezana muda mrefu, kisha mkubwa wao akasema hakuna anayedhani Mama Digna anadanganya, lakini mwenye nyumba hakuuza kwa karatasi, aliyepokea fedha hakuwa na nyumba ya kuuza, na mwenye fedha amdai aliyeipokea. Akipenda aende mbele, baraza la wilaya, wao hawamzuii. "Ila, mama," akasema, "hata huko watauliza kaburi tulipeleke wapi."

Nje ya ofisi Mzee Fridolin akasimama naye kwenye kivuli cha ukuta. Hakumwambia, "Nilikuambia." Aliivua miwani, akaufungua ule uzi, akaufunga tena.

"Ningekwenda na nyie siku ile," akasema. "Ningemshika mkono mimi. Mimi sina haya."

Usiku huo na ule uliofuata Digna alilala kwenye ghala la mtu, juu ya magunia yake. Chumba cha Nickolaus kilikwisha kupata mtu. Vyumba vingine mjini vilipanda bei, maana waliobomolewa na mafuriko wote walikuwa wanapanga. Siku ya tatu Violeth akamfuata pale ghalani. Akamwamkia, akakaa kwenye gunia, akazungusha pete isiyokuwepo kwenye kidole.

"Mama, mimi siwezi kukurudishia kitu nisichokula. Na siwezi kutoka, hawa watoto nitawaweka wapi? Lakini kile chumba chenye vitu vyako kipo. Nilikuwa natafuta mpangaji. Kuliko kumtia mtu nisiyemjua."

Digna alitafuta hasira, akaipata, ila ilikuwa ya Faustin, na Faustin hayupo. Hapa palikuwa na mwanamke mwenye visigino vilivyopasuka, ambaye kwa miezi mitatu alipita mbele ya mlango uliofungwa na hakulivunja kufuli.

"Kwa maandishi," akasema.

"Kwa maandishi, mama."

"Mbele ya Fridolin."

Mzee Fridolin aliandika tena kwa mkono wake. Chumba kimoja cha nyuma, kodi ya miezi sita sita, maji kwa zamu, notisi miezi mitatu. Digna akayasikiliza yote hadi mwisho, kisha akainua kidole kama mtoto darasani.

"Bado moja. Andika, mpangaji akifa, msiba uwekwe hapo uwanjani siku tatu. Masufuria ni yake mwenyewe, yamo chumbani. Mtu asiwatoe watu."

Kalamu ikasimama. Violeth akatazama mezani.

"Mama, mambo ya kufa tena."

"Siku tatu. Siyo arobaini."

"Nani atakutoa, mama? Nakubali. Si nimesema nakubali?"

"Nimesikia. Andika, baba."

Mzee Fridolin akaandika, akasoma kwa sauti, akageuza karatasi. Violeth akatia sahihi, mwandiko mzuri wa mtu aliyefika sekondari. Akasukuma karatasi.

"Na dole," akasema Digna.

"Mimi najua kuandika, mama."

"Najua, mwanangu. Weka na dole."

Mzee Fridolin alikwisha kufungua droo. Safari hii Digna ndiye aliyeufungua mfuko, akakifunua kibati, akaupokea mkono wa Violeth. Mkono ulikuwa na joto na harufu ya sabuni ya kufulia. Akalichovya dole gumba mpaka likaenea wino, akalilaza kwenye karatasi, akalikandamiza na kulibingirisha kutoka upande huu wa ukucha hadi ule, bila haraka, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Violeth alikuwa anamtazama usoni. Digna hakuinua macho. Alipulizia wino mpaka ukakauka, akasubiri na muhuri, akaikunja karatasi mara nne.

Wakarudi pamoja kwa miguu. Walipofika uwanjani Digna akapita kwanza kaburini, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mama," halafu akavua ufunguo shingoni na kwenda kufungua kufuli lake.